Mwenye Uwanja: Lodi Harris, Kriketi na Utawala wa Waingereza

Swali lisiloisha vijiweni

Kila serikali inapogombana na chama cha michezo, swali lilelile huzuka vijiweni, redioni na magazetini: kwa nini siasa isiachane na michezo? Februari 2022 FIFA iliisimamisha Kenya baada ya serikali kulivunja shirikisho la soka la nchi hiyo, na timu za Kenya zikakaa nje ya mashindano ya kimataifa hadi Novemba mwaka huo. Wapo waliosema serikali ilikosea kuingilia, na wapo waliosema shirikisho lilijitakia. Lakini wengi wa pande zote mbili walianza na wazo moja ambalo hawakulihoji, kwamba mchezo wenyewe ni kitu safi, na siasa ni mgeni anayeingia na viatu vyenye matope.

Sura hii inalipinga wazo hilo. Siasa haiingii michezoni kutoka nje. Imo tangu siku ya kwanza, pale mtu anapoamua uwanja ni wa nani, mwamuzi atatoka upande gani, na nani ahesabiwe kuwa mwenzetu. Mambo hayo huamuliwa kabla mpira haujarushwa. Kwa kuwa huamuliwa mapema, na mara nyingi huamuliwa na watu waungwana, wanaocheza hudhani hayakuamuliwa na mtu.

Ushahidi nitautoa katika maisha ya Mwingereza mmoja wa zama za Malkia Victoria: George Robert Canning Harris, Lodi Harris wa nne. Alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya Uingereza, naibu waziri mara mbili, na gavana wa Bombay. Sikumchagua kwa sababu alikuwa mwovu. Nimemchagua kwa sababu aliiamini haki ya mchezo kwa moyo wake wote, na akaidai hata pale ilipomgharimu. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuuweka mchezo mbali na siasa, ni yeye, na hakuweza.

Cheo, nyumba na mchezo

Harris alizaliwa tarehe 3 Februari 1851 kisiwani Trinidad, ambako baba yake alikuwa gavana, yaani mtawala aliyetumwa na Malkia kuliendesha koloni kwa niaba yake. Baadaye baba huyo alihamishiwa Madras, kusini mwa India. “Lodi” ni cheo cha ukabaila ambacho kwa desturi baba humwachia mtoto wake wa kwanza wa kiume, na enzi hizo kilimpa mwenye nacho kiti katika Bunge la Malodi bila kupigiwa kura na mtu yeyote. Baba alipofariki mwaka 1872, Harris akawa mtunga sheria wa dola kubwa kuliko zote duniani akiwa na miaka 21.

Cheo chenyewe kilitoka vitani. Babu wa baba yake, Jenerali George Harris, ndiye aliyeongoza jeshi lililoiteka Seringapatam, kusini mwa India, mwaka 1799, vita alimouawa Tipu Sultan wa Mysore. Fedha za ngawira ndizo zilizoinunua Belmont, jumba la ukoo huo karibu na Faversham katika jimbo la Kent, na cheo kilipotolewa mwaka 1815 kilibeba majina ya Seringapatam na Mysore. Basi huyu si mtu aliyeingia siasa za India ukubwani. Nyumba aliyokulia, jina aliloitwa na kiti alichokalia bungeni vyote vilikuwa vimetoka huko kabla hajazaliwa.

Akasoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha Oxford, na kote huko akacheza kriketi. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: timu mbili za watu 11 hupokezana. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira mgumu kuelekea wiketi, yaani vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na mpigaji wa timu nyingine huilinda wiketi hiyo kwa gongo bapa. Akiupiga mpira vizuri, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi kati ya wiketi mbili, na kila mkimbio ni pointi moja. Mpigaji anaweza kusimama pale siku nzima, na mechi kubwa huchukua siku kadhaa. Mechi ya kimataifa ya namna hiyo huitwa testi.

Harris alianza kuichezea Kent mwaka 1870, akawa nahodha wake mkuu hadi 1889, na katika maisha yake alipata karibu mikimbio 10,000 ya mechi za daraja la juu. Uingereza aliiongoza katika testi nne: akashinda mbili, akapoteza moja, akatoka sare moja. Na huku akiiongoza Kent alikuwa serikalini pia. Mwaka 1885 aliteuliwa kuwa naibu waziri wa mambo ya India katika serikali ya Lodi Salisbury, na kuanzia 1886 hadi 1890 akawa naibu waziri wa vita.

Kriketi ya enzi hizo iligawanyika kitabaka waziwazi. Kulikuwa na wachezaji wa ridhaa, waliosemekana kucheza kwa mapenzi tu, na wachezaji wa kulipwa, ambao wengi walikuwa watoto wa mafundi, wachimba makaa na wakulima. Makundi haya yalikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na mara nyingine malango tofauti ya kuingilia uwanjani. Nahodha alitoka kundi la ridhaa hata kama kulikuwa na mlipwaji hodari kuliko yeye. Nani aliona siasa hapo? Karibu hakuna. Iliitwa desturi.

Haki ndani ya mstari

Ndani ya mstari wa uwanja Harris alikuwa mtu wa haki, na jambo hili lisisemwe kwa kifupi kana kwamba ni la kumtoa njiani. Katika miaka ya 1880 warushaji kadhaa wa klabu kubwa walikuwa wakikunja mkono na kuutupa mpira kama mtu atupaye jiwe, jambo ambalo sheria za kriketi zinalikataza kwa sababu mpira huo huja kwa kasi isiyo halali. Kila mtu alijua, waamuzi wakanyamaza. Mwaka 1885, mwaka uleule aliopewa unaibu waziri, Harris aliiandikia kamati ya klabu ya Lancashire kwamba Kent haitacheza tena nao mwaka huo maadamu wanawatumia warushaji Crossland na Nash. Kent ikaiacha mechi yake ya marudiano na hasara yake ikaibeba. Upinzani wa Harris na wenzake ndio uliosaidia kuusafisha mchezo.

Kiongozi wa michezo anayekubali kupoteza mechi ili sheria iheshimiwe ni adimu hata leo. Ndiyo maana nasema hoja ya sura hii haisimami juu ya unafiki wa mtu. Harris hakusema haki huku akitenda hila. Kila alipokuta sheria, aliifuata na akawataka wengine waifuate. Suala ni kwamba sheria ina mwanzo na ina mwenyewe, na huko ndiko ambako hakutazama.

Sydney, 1879: mwamuzi ni wa nani?

Mwishoni mwa 1878 Harris alipeleka timu Australia. Karibu wachezaji wote walikuwa wa ridhaa, isipokuwa wawili tu wa kulipwa, Emmett na Ulyett. Wenyeji wao walikuwa klabu ya Melbourne, mji mkuu wa koloni la Victoria, na timu ilisafiri na mwamuzi kutoka huko, kijana aitwaye George Coulthard. Tarehe 8 Februari 1879 walikuwa Sydney wakicheza na New South Wales, koloni jirani lenye ushindani mkali na Victoria.

Billy Murdoch, kipenzi cha Sydney, alikuwa amepata mikimbio 82 bila kutolewa katika zamu ya kwanza. Timu yake ilikuwa nyuma mno, ikalazimika kupiga tena mfululizo. Alipofikisha mikimbio 10, Coulthard akaamua kwamba Murdoch hakuwahi kufika kwenye wiketi alipokuwa akikimbia, na akamtoa. Watu wapatao 2,000 wakamiminika uwanjani. Harris alipigwa fimbo, na mwenzake Hornby akamkamata aliyepiga na kumkokota hadi kwenye jengo la klabu. Nahodha wa wenyeji, Dave Gregory, akadai mwamuzi abadilishwe. Harris akakataa. Mechi ilimalizika Jumatatu kwa ushindi wa Waingereza, mechi nyingine iliyopangwa ikafutwa, na barua ya Harris yenye uchungu mwingi ikachapishwa katika gazeti la London.

Harris aliona jambo moja tu: sheria inasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho, na umati umeivunja. Alikuwa sahihi. Hata mwamuzi wa pili, Edmund Barton, ambaye mwaka 1901 alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Australia, alisema uamuzi ule ulikuwa wa haki. Pia kulikuwa na watu waliowekea mechi ile fedha, na hasira ya mcheza kamari aliyepoteza haina heshima yoyote. Lakini umati ule uliona jambo la pili ambalo Harris hakuliona: mwamuzi ameletwa na wageni, naye ni mtu wa mahasimu wetu. Kumtaka mtu aheshimu mwamuzi ni haki. Kumtaka asiulize mwamuzi amechaguliwa na nani ni jambo jingine kabisa, na Harris alidhani mambo hayo mawili ni moja.

Jeraha lile lilichukua muda kupona. Waaustralia walipozuru Uingereza mwaka 1880 walihangaika kupata klabu kubwa za kucheza nao, hadi Harris mwenyewe aliposhawishiwa kusamehe na kuiongoza Uingereza katika uwanja wa Oval, London, Septemba mwaka huo. Ndiyo ikawa testi ya kwanza kuchezwa katika ardhi ya Uingereza. Neno la mtu mmoja aliyeudhika lingeweza kuiacha nchi nzima nje ya mchezo, na kukubali kwake kukaifungulia mlango. Hakuwa na wadhifa wowote wa kisheria uliompa uwezo huo.

*Kwa ufupi: Harris aliitii sheria kuliko wengi, lakini hakuhesabu kwamba aliyemweka mwamuzi na aliyefungua mlango wa uwanja walikuwa watu wa tabaka lake.*

Bombay: uwanja ni wa nani?

Mwaka 1890 Harris alifika Bombay kuwa gavana. Eneo alilolitawala lilikuwa kubwa, kuanzia Sindh, ambako leo ni Pakistan, hadi kusini mwa pwani ya magharibi ya India. Pwani yetu ililijua vizuri. Mwaka huohuo Uingereza iliifanya Zanzibar nchi ya himaya yake, na katika miaka ile rufaa kutoka mahakama ya Kiingereza ya Zanzibar zilipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Rupia ya India ilizunguka madukani kutoka Forodhani hadi Mombasa. Aliyetawala Bombay hakuwa mtu wa mbali kwa wafanyabiashara wa Unguja.

Kriketi aliikuta tayari imeota mizizi. Waparsi, jamii ya wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao mababu zao walitoka Uajemi, walikuwa wameucheza mchezo huu kwa miaka mingi, na walikuwa wamezuru Uingereza mwaka 1886 na 1888. Januari 1890, miezi michache kabla Harris hajawasili, waliishinda timu ya Waingereza iliyoongozwa na Vernon, na mrushaji wao Pavri akawa shujaa wa mji. Walishinda ingawa walikuwa wakicheza na kufanya mazoezi katika hali ya kusikitisha.

Wenyeji wote wa Bombay, maelfu ya vijana, walichezea uwanja wa wazi ulioitwa Esplanade. Pembeni yake ilisimama Bombay Gymkhana, klabu iliyoanzishwa mwaka 1875 ambayo wanachama wake walikuwa Wazungu peke yao. Klabu ile ilikuwa na uwanja wake mzuri. Lakini mara kadhaa kwa juma wanachama wake walikwenda kwenye uwanja wa wenyeji kucheza polo, mchezo wa kupiga mpira ukiwa juu ya farasi, na kwato zikayachimba majani hadi mpira wa kriketi ukawa haujulikani utadundia wapi. Wenyeji hawakunyamaza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 waliandika maombi, wakatia saini kwa mamia, wakaeleza kwa Kiingereza fasaha na kwa adabu kwamba wachezaji wachache wa polo hawapaswi kuwaharibia uwanja vijana wengi kiasi kile. Mmoja wao, Shapoorjee Sorabjee, aliandika historia ya mapambano hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1897, na kisa chote anakisimulia kama madai ya haki yaliyokosa msikilizaji.

Mpenda kriketi mkubwa kuliko wote wa Uingereza alikuwa sasa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Maombi yenye saini zaidi ya elfu moja yakamfikia. Kama mchezo ungekuwa juu ya siasa, hapa ndipo ungeonekana, maana waombaji walikuwa wanakriketi na walioharibu uwanja walikuwa wapanda farasi. Harris akawa upande wa klabu ya Wazungu.

Kisha yalikuja maombi ya ardhi. Waparsi walikuwa wamekwisha kupata kiwanja kwenye ufuko uliojazwa udongo magharibi mwa mji, kabla ya utawala wake. Waislamu wakaomba chao, na Wahindu wakaomba chao. Harris akakubali, na hili limemjengea jina la mlezi wa kriketi ya India hadi leo. Lakini sharti lake tulitazame vizuri. Aliamua kwamba kila jamii ipate klabu moja yenye heshima, na baada ya hapo asipewe mtu mwingine ardhi: atakayetaka kucheza ajiunge na klabu ya jamii yake. Kwa maneno mengine, kijana wa Bombay aliyetaka kucheza kwenye majani mazuri ilimbidi kwanza ajitambulishe kwa dini yake.

Matokeo yake yaliishi kuliko utawala wake:

- 1892: mechi ya kila mwaka kati ya Wazungu na Waparsi yapata hadhi ya daraja la juu.
- 1907: Wahindu waongezwa, yakawa mashindano ya pande tatu.
- 1912: Waislamu waongezwa, zikawa nne.
- 1937: yaongezwa timu ya “Wengineo”, wakiwamo Wakristo wa Kihindi, zikawa tano.

Kwa zaidi ya nusu karne mashindano makubwa kabisa ya kriketi ya India yalichezwa dini kwa dini. Watu waliyapenda sana, na si haki kusema kwamba kila shabiki aliyejaza uwanja alikuwa na chuki. Lakini mwaka 1940 Gandhi alitamka hadharani kwamba hakubaliani na kugawanya wachezaji kwa dini, na mwaka 1946 yakakoma. Ndani ya timu ya Wahindu penyewe mgawanyo ulizaa mgawanyo. Palwankar Baloo, mrushaji hodari kuliko wote wa kizazi chake, alitoka tabaka lililoitwa la wasioguswa, na hakuwahi kupewa unahodha. Ilichukua hadi 1923 ndipo ndugu yake Vithal akaiongoza timu hiyo.

Harris hakuuanzisha utengano wa dini India. Waparsi walijitenga katika klabu zao wenyewe kabla yake, na Wahindu na Waislamu walikuwa na migogoro isiyohusiana na kriketi. Alichofanya ni kuuchukua mgawanyo uliokuwapo na kuupimia ardhi. Desturi inayopewa kiwanja na hati haibaki desturi tu, inakuwa taasisi, ina kamati, ina kombe, na ina watu ambao riziki na heshima yao hutegemea isife.

Agosti 1893 ghasia kati ya Wahindu na Waislamu zilizuka mjini Bombay na makumi ya watu wakafa. Gavana alikuwa Poona, mji wa kilimani walikokwenda watawala kukimbia mvua na joto. Alirudi siku ya tisa, na wakosoaji wake walishikilia kwamba kilichomrudisha ni mechi ya kriketi. Hata tukimwondolea lawama ya nia, inabaki kwamba raia wake waliona hivyo, na alipoondoka mwaka 1895 ulichapishwa mkusanyo wa makala za magazeti ukieleza kwamba Bombay haikuwa imepata gavana asiyependwa kiasi kile kwa miaka mia moja.

Uenezi wa mtindo huu haukuishia India. Wafanyabiashara, makarani na mafundi kutoka Gujarat, Kutch, Goa na Punjab walipokuja Afrika Mashariki walikuta serikali ile ile ikigawa ardhi kwa mantiki ile ile. Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zikawa na klabu za Wazungu, za Wagoa, za Waismailia, za Waislamu wengine na za Wahindu, kila moja na uwanja wake, na Mwafrika akiingia humo kama mfanyakazi. Msomaji wa Dar es Salaam anayepita Gymkhana leo anapita mbele ya jina lililosafiri kutoka Bombay.

*Kwa ufupi: gavana alitoa viwanja, na pamoja na viwanja akatoa jibu la swali la nani acheze na nani.*

“Alikuwa mtu wa zama zake”

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la kawaida: tusimhukumu mtu wa 1890 kwa mizani ya leo. Nalikubali kama onyo, silikubali kama jibu. Mizani ya kumpimia Harris haikutoka kwetu. Waliotia saini maombi ya Esplanade walikuwa watu wa zama zake. Magazeti ya Bombay yaliyomkosoa yalichapwa akiwa bado madarakani.

Hata wanakriketi wenzake wa Uingereza waliona mambo tofauti. Mwaka 1896 Ranjitsinhji, mwanafunzi wa zamani wa Cambridge aliyechezea Sussex, ndiye aliyekuwa mpigaji bora nchini. Mwaka huo alipata mikimbio 2,780. Alitoka Nawanagar, dola dogo la Kathiawar ambako serikali ya Bombay iliangalia mambo, na ambako familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zina asili yao. Wakati ule timu ya Uingereza ilichaguliwa na klabu yenye uwanja wa mechi. Testi ya kwanza ilikuwa Lord's, uwanja wa klabu ya MCC, ambayo Harris alikuwa amechaguliwa kuwa rais wake mwaka 1895, na Ranjitsinhji hakuchaguliwa. Harris hakuficha msimamo wake kwamba nchi isiwakilishwe na watu wa kupita njia. Testi ya pili ilikuwa Manchester, kwa Lancashire, klabu ileile aliyoigomea mwaka 1885. Lancashire ikamchagua, nahodha wa Australia hakupinga, na Ranjitsinhji akapata 62 katika zamu ya kwanza na 154 bila kutolewa katika ya pili. Zama zilikuwa moja, nchi ilikuwa moja, na uamuzi ulikuwa tofauti. Basi palikuwa na nafasi ya kuchagua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtetezi wa Harris atasema: mtu huyu hakuwabagua Wahindi, alikuwa mtumwa wa kanuni. Ushahidi upo. Mwaka 1922 alihakikisha kijana Mwingereza, Walter Hammond, anazuiwa kuichezea Gloucestershire kwa sababu alizaliwa Dover, jimbo la Kent, na alikuwa hajatimiza muda wa ukazi unaotakiwa. Hammond baadaye akawa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa katika historia ya Uingereza, na mwanzo wake ulicheleweshwa kwa kanuni ya makazi. Mtu anayemtendea hivyo kijana wa nyumbani, je, tumwite mbaguzi?

Nakubali kwamba kisa cha Hammond kinamwondolea Harris shutuma rahisi. Hakikanushi hoja yangu, kinaitia nguvu. Kanuni ya nani ni mwenyeji wa wapi ilikuwa mikononi mwa watu wachache waliokutana katika jengo moja la London, nao waliitumia kwa Mhindi na kwa mtoto wa askari Mwingereza vilevile. Tazama sasa upande wa pili: Harris mwenyewe alizaliwa Trinidad, bahari nzima mbali na Kent. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mtu wa kupita njia. Ukoo, jumba na cheo vilimfanya mtu wa Kent bila kutazamiwa kalenda. Kanuni iliyoonekana kuwa moja kwa wote ilikuwa imekwisha kumtambua mwenyewe tangu kabla hajaingia uwanjani.

Wapo pia watakaosema: bila Waingereza wa namna ya Harris, India isingekuwa na kriketi inayoitawala dunia leo. Historia inajibu vingine. Waparsi walikuwa na klabu zao za kriketi kabla Harris hajazaliwa, na waliwashinda wageni kabla hajafika Bombay. Mchezo waliujua. Walichoomba kwa gavana kilikuwa majani yasiyochimbwa na farasi.

Baada ya Bombay

Harris aliporudi nyumbani hakurudi nyuma. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa Consolidated Gold Fields, kampuni kubwa ya dhahabu ya Afrika Kusini yenye asili kwa Cecil Rhodes, na tangu 1916 hadi kifo chake alikuwa mweka hazina wa MCC, wadhifa ambao kwa jina ni wa hesabu lakini kwa kweli ulikuwa wa kauli. Mwaka 1909 ulianzishwa Lord's mkutano wa kudumu wa kriketi ya dola la Kiingereza, kwa pendekezo la Abe Bailey, tajiri wa migodi wa Afrika Kusini. Wanachama walikuwa watatu: Uingereza, Australia na Afrika Kusini. India, New Zealand na visiwa vya Karibi zilikaribishwa mwaka 1926.

Alipotimiza miaka 80, Februari 1931, aliandika barua gazetini kwa vijana wapenda kriketi, akiusifu mchezo huo kuwa safi kuliko michezo yote na kwamba kuucheza kwa heshima ni fundisho la maadili. Hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba aliamini kila neno. Alifariki Belmont tarehe 24 Machi 1932. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Juni, India ilicheza testi yake ya kwanza kabisa, pale Lord's, ikiongozwa na C. K. Nayudu.

Ule mkutano ulioanzishwa mwaka 1909 ndio baraza linaloendesha kriketi ya dunia hadi leo, chini ya jina jingine. Kwa miongo mingi rais wa MCC ndiye aliyeliongoza kwa cheo chake, na Uingereza na Australia zilikuwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kila mojawapo kuzuia uamuzi wowote hata kama nchi nyingine zote zimeukubali. Kura hiyo ilifutwa mwaka 1993, miaka 61 baada ya kifo cha Lodi Harris.